Nafasi ya Mwalimu Owori

Wazee wa ukoo, mchungaji, majirani wa Osukuru nanyi mliotoka Busia, mimi ni Truphena, dada mkubwa wa marehemu, nimepewa karatasi hii niisome kwa sababu waliosoma kunishinda wanalia, mimi nitalia kwangu.

Marehemu Phillip Owori alizaliwa hapa Osukuru tarehe 14 Machi 1961, akaanza shule Januari 1968, mwaka huohuo mimi nikatolewa darasa la tano, maana baba alisema mmoja asome na mwingine alime, na hakuuliza nani anapenda nini. Alimaliza chuo cha ualimu Tororo mwaka 1982, akafundisha Kiingereza Buteba hadi alipostaafu mwaka 2021.

Mliopita mikononi mwake mnajua siku ya kwanza aliandika ubaoni neno moja tu, school, akawaambia lilizaliwa kwa Wagiriki, na maana yake ya kwanza si jengo wala kiboko, ni nafasi, ule muda wa mtu asiye na kazi ya kufanya, ndipo likawa mazungumzo ya watu wenye nafasi, kisha mahali pao pa kukutana, Warumi wakalichukua, likafika kwa Waingereza. Mtoto akitaja kundi la samaki, ambalo kwa Kiingereza nalo huitwa school, alimjibu kwamba hilo ni neno jingine, la Waholanzi, yamefanana sura tu.

Alimwoa Juliet kanisani tarehe 17 Desemba 1988, wakapata watoto watano, wa mwisho ni Amondi, aliyezaliwa 2010. Siku ya arusi alihubiri tena neno lake, nami nilikuwa nimebeba sahani, nikamwuliza, "Mdogo wangu, hao Wagiriki wenye nafasi, nani aliwalimia?" Watu walicheka, yeye hakucheka.

Juni 2023 alipooza upande wa kulia. Kaka zake Amondi walikuwa na kazi zao, Juliet ana shamba, kwa hiyo Amondi akabaki nyumbani kumgeuza, kumlisha na kumwosha, na baba mtu, aliyelijua neno lile kuliko sisi sote, alikubali. Nilimwona akimtazama binti huyo anakunja sare, anaiweka chini ya sanduku. Shule imefunguliwa mara sita bila Amondi. Mwalimu alituacha Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochota maji na kuchimba kaburi, na walimu wenzake waliotoa ng'ombe. Amondi, wewe nakushukuru wa mwisho, maana jana wazee walipokaa, shemeji Opio alisema mtoto huyu sasa amezoea nyumbani, abaki amsaidie mama yake kulima, wakatikisa vichwa kukubali, nami nilinyamaza kama nilivyonyamaza mwaka 1968. Leo sinyamazi, ingawa najua kelele za bibi kizee hazijawahi kumrudisha mtoto darasani, na nikitaka kulima badala yake, mikono yangu hii haifiki mwisho wa mstari mmoja wa mihogo.

Owori, ndugu yangu, sasa nafasi unayo yote. Pumzika, wanaokulimia bado tuko.