Kidole cha Mguu cha Aubrey Skeete

Mchungaji wetu, shemeji yangu Ianthe, watoto, na ninyi nyote mliokosa nafasi mkasimama madirishani, karatasi hii ya maisha ya mdogo wangu niliiandika mara mbili, ya kwanza nikaichana kwa sababu ilikuwa na tarehe zote na uongo mmoja, kwa hiyo naanza na huo: mwezi Februari 1950 nilimsaliti Aubrey kwa kijiba cha roho, akakosa safari ya Uingereza, na lawama akabebeshwa mtu asiyehusika, ambaye hivi ninavyosoma amekaa benchi la mwisho, kama alivyozoeshwa kukaa.

Aubrey Lisle Skeete alizaliwa Jumapili tarehe 8 Novemba 1925, hapa Crab Gully, parokia ya Saint Lucy, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Josiah na Drusilla Skeete, sisi watatu wa kwanza tukiwa wasichana, na siku hiyo baba alichinja kondoo, jambo ambalo hakulifanya kwa yeyote kati yetu, nami nilikuwa na miaka mitatu tu, lakini mama alinisimulia kwamba nililia mpaka nikapewa kipande cha ini.

Alisoma shule ya parokia kuanzia mwaka 1931 hadi 1939, kisha akapelekwa sekondari Bridgetown, akamaliza mwaka 1943, ilhali mimi niliondolewa darasa la tano nikashike jembe kwenye miwa. Kriketi hakujifunzia shuleni, alijifunzia nyuma ya nyumba yetu, kwenye mshelisheli, na aliyemrushia mpira ni mimi, mpira wa kizibo tuliouzungushia matambara na lami, na nasema mbele za Mungu kwamba nilirusha vizuri kuliko mvulana yeyote wa kijiji hiki, ila msichana hakuwa na timu. Mwaka 1934 mpira wangu mmoja ulimng'oa ukucha wa dole gumba la mguu wa kushoto, maana hakuwa na viatu, na tangu siku hiyo kila mpira wa polepole uliotua karibu na dole lile ulilifanya liinuke lenyewe kabla hajaamua, gongo la kupigia likachelewa, na vijiti vitatu vya nyuma yake, ambavyo vikiangushwa mchezaji ametolewa, vikabaki bila mlinzi. Jambo hilo tulilijua wawili tu.

Mwaka 1944 aliajiriwa ukarani kwenye kiwanda cha sukari, mwaka 1946 akaingia timu ya kijiji, akifungua mchezo pamoja na rafiki yake Darnley Gittens, fundi viatu, na mwaka 1948 akaitwa timu ya kisiwa. Suruali zake nyeupe nilizifua mimi, nikazitia wanga, nikazipiga pasi mpaka zikasimama zenyewe, naye alipofikisha mikimbio mia moja watu walimbeba mabegani zikachafuka, nikafua tena. Bibi mmoja aliniambia, "Eudora mwanangu, ungekuwa mwanamume wewe," akidhani ananisifu.

Basi Februari 1950 kulikuwa na mchezo wa majaribio Bridgetown, wa kuchagua watakaokwenda Uingereza, na katika timu ya upande wa pili alikuwamo konstebo Carlisle Yearwood, mrushaji wa mipira ya kasi, ambaye jioni ya kuamkia mchezo alikuwa jikoni kwetu anakula mkate wangu wa nazi.

"Dada Eudora," akasema, "kesho huyo mdogo wako atanipiga kila pembe kama mtu anayefukuza kuku. Na kila mtu atashangilia, na wewe mbele yao."

"Mimi nitakuwa nafikiria madoa ya suruali," nikamjibu.

"Hana tundu hata moja?"

Ningeweza kunyamaza. Nikasema, "Rusha polepole, dole gumba la kushoto, litainuka lenyewe," nikamkatia kipande kingine. Wala Carlisle hakunioa.

Kesho yake Aubrey alitolewa kwa sifuri, mpira wa Carlisle ukielea kama jani, na alipopewa zamu ya pili akatolewa vilevile, nami pale jukwaani nilicheka, Mungu anisamehe, kicheko nikakigeuza kikohozi. Darnley alipata mikimbio sabini na moja, akachaguliwa yeye. Kijiji kikaona Carlisle ameambiwa siri na mtu, kikapiga hesabu yake: nani anafanya mazoezi na Aubrey kila siku, na nani amepata nafasi yake, na Darnley aliporudi kutoka Uingereza alikuta jibu linamsubiri kwenye duka la ramu.

"Darnley, Yuda alilipwa vipande thelathini. Wewe umelipwa meli?"

"Muulizeni Aubrey kama nimewahi kumrushia mpira ule," akasema. Hakuna aliyeuliza.

Mwaka 1951 Darnley aliacha kriketi, watu wakaanza kupeleka viatu vyao mjini, na mimi nilipeleka vyangu pia, nisije nikaonekana namtetea.

Aubrey hakuniuliza kitu. Alikuja uani Machi 1950, alfajiri, akasimama penye mshelisheli akasema, "Dada, nirushie ule," nikamrushia, siku ile na kila siku kabla ya kazi, miaka mitatu, mpaka akajifunza kusogea mbele na kuukuta mpira kabla haujatua. Mei 1955 aliichezea West Indies hapa hapa Bridgetown dhidi ya Australia, akapata mikimbio 112, mwaka 1957 akafika Uingereza, na mpaka alipostaafu mwaka 1961 alikuwa amecheza michezo kumi na minne ya kimataifa. Gazeti lilimwuliza nani alimfundisha, akasema, "Nyumbani," wakaandika jina la baba, ambaye hakujua hata gongo linashikwaje, na gazeti hilo mpaka leo sijalitupa wala sijalisoma mara ya pili.

Alifunga ndoa na Ianthe Brome tarehe 26 Aprili 1952, wakajaliwa Marva, Winfield na Hallam, na wajukuu saba, na mimi ambaye sikujaliwa nilihesabu kila ubatizo kama jirani anavyohesabu maembe ya mwenzake.

Ugonjwa wa sukari ulimpata mwaka 1987, ukashuka miguuni, na tarehe 3 Juni mwaka huu wa 1991 akalazwa. Siku moja nilikuwa namfunika shuka, likagusa mguu wa kushoto, dole likainuka, akacheka.

"Bado linainuka. Ulimwambia Carlisle, siyo?"

Nikasema ndiyo.

"Nilijua mpira ukiwa bado hewani, dada."

"Mbona hukusema?"

"Na suruali ingepigwa pasi na nani?" Kisha akaacha mzaha. "Mimi nilikuficha wewe, na wewe ukajificha nyuma ya Darnley. Sote wawili tumemla yule mtu. Mimi sitaweza tena kwenda kwake, wewe miguu unayo. Siku yangu usome wewe, na usome yote."

Aliaga dunia Jumanne tarehe 18 Juni, saa tisa alasiri, nami nilimwonea wivu hata hapo, kwa sababu alinisamehe miaka arobaini na moja kabla sijaomba, na sasa naona watu waliojaa humu na moyo wangu mwovu unauliza ni wangapi watakuja siku yangu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomwosha miguu bila kukunja uso, majirani waliopika, wenzake wa kiwandani na wachezaji wenzake waliotoka mbali, na wewe Mchungaji kwa kuniacha nimalize. Aubrey, mdogo wangu, Bwana akulaze kwa amani yake.

Ninyi vijana sita mliopangwa kubeba jeneza, naomba mmoja wenu ampishe Bwana Darnley Gittens, hata kwa hatua kumi, na wewe Darnley, nakuomba utoke huko nyuma uje.