Rozari za Kupeleka Roma

Asubuhi moja mwaka 1998, teksi ya abiria wengi niliyopanda kutoka Isipingo ilikuwa imetulia mpaka Goreth, Mrundi anayemtunza bibi mmoja wa Kizungu aliye mgonjwa, alipoanza kumtangazia jirani yake wa kiti safari ya kumsindikiza bibi huyo. "Tunafika kwanza Italia. Iko siku tatu Roma kabla ya kupanda meli. Jumuiya nzima ya kanisani imenipa rozari nikazibarikishe."

Alitamka "Roma" kama mtu aliyekwishapewa funguo zake.

Jirani huyo, Verediana, Mhaya wa makamo, hakutabasamu. "Mdogo wangu, bibi utamwachia nani?"

"Mchana analala."

"Wangu, nilipokuwa natunza wagonjwa, pia alikuwa analala. Nilikaa Roma siku nne, nikalijua bafu tu. Akikohoa unamwinua, asipokohoa unasikiliza kama bado anapumua."

"Hata kanisa moja?"

"Kengele nilizisikia."

Goreth akauliza kwa sauti ndogo, "Na rozari za watu?"

"Nilizichovya kwenye sinki la hoteli. Nikarudi nikasema zimebarikiwa. Wanazibusu mpaka leo. Wewe utasemaje?"

Teksi ikasimama kituo cha Jacobs. Verediana akashuka kuwahi zamu kiwandani. Goreth akanigeukia mimi niliyekaa nyuma yao, kama anayetaka kuniuliza atasemaje, nami nikajifanya sijui Kiswahili.