Aloyce Simiyu, Fundi Aliyezuia Maji Yasigande

Mzee Aloyce Simiyu alizaliwa tarehe 6 Juni 1958 huko Kimilili, mtoto wa tatu katika familia ya wakulima. Alisoma hapo hapo hadi darasa la saba, kisha akajifunza ufundi wa pampu mjini Kisumu.

Mwaka 1986 alitumwa kutengeneza pampu ya shule moja ya Machakos. Kazi ya siku moja ilimchukua wiki nzima, na mwalimu Ndinda, aliyekuwa akimpelekea chai, ndiye aliyeijua sababu. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987.

Kiwanda alichofanyia kazi Nairobi kilipofungwa, mwaka 2003 alimfuata mdogo wake Geoffrey hadi Guangzhou, China. Geoffrey alikuwa akinunua jinzi katika viwanda vya Xintang, karibu na hapo, na kuzituma nyumbani. Simiyu, kutoka chumba chao cha mtaa wa Dengfeng, akawa wakala wa pampu na mota.

Mwaka 2005 Mmarekani mmoja wa Missouri aliagiza mashine mia mbili za kuwekwa ndani ya maziwa ya kuwindia bata. Kule maji huganda wakati wa baridi, na bata mwitu hawashuki juu ya barafu. Mashine huyasukuma juu maji ya chini yasiyo baridi sana, sehemu moja ikabaki wazi, nao wawindaji wakapata bata.

Guangzhou haina barafu. Simiyu akaomba nafasi katika ghala la baridi la samaki, akaiwasha mashine moja ndani ya pipa la maji, na kwa siku mbili akawa anaingia kuitazama akiwa amevaa makoti mawili. Siku ya pili alipoingiza majini teste, bisibisi ya kupimia umeme, taa yake iliwaka: mpira wa kuzuia maji ulikuwa umesinyaa, na umeme unavuja.

"Mei wenti, hakuna shida," alisema mwenye kiwanda kilichozitengeneza. "Mashine si inazunguka?"

"Laoban, bosi wangu," Simiyu alimjibu, "kuna mtu atasimama ndani ya maji hayo hadi kiunoni, na mbwa wake."

Geoffrey alimvuta kando. "Kaka, msimu wa kuwinda utapita. Tutampoteza mteja."

"Bora tumpoteze mteja kuliko mteja apotelee majini."

Kwa wiki tatu alikaa na mafundi wa kiwandani wakibadilisha mipira yote. Mzigo ulifika msimu ukikaribia kuisha, na mteja akanyamaza mwaka mzima. Desemba 2006 aliandika: wawindaji jirani walikuwa wamenunua mashine kwingine, mbwa wao akaruka majini akafa kwa umeme. Alimwomba Simiyu aende awatembelee.

Alikwenda Januari. Walipompa bunduki aliikataa. "Mimi nimekuja kusikiliza mashine," alisema. Kisha akampigia mkewe: "Mama Benedicta, ziwa lote limekuwa jiwe, lakini pale penye mashine yetu maji yanacheza. Bata wanashuka hata siwezi kuwahesabu!" Ndinda anasema hakuwahi kumsikia akicheka vile.

Mwaka 2008 figo zilimsumbua, akarudi nyumbani. Alifariki tarehe 14 Machi 2009 mjini Nairobi, akiwa ameshikwa mkono na binti yake.

Ameacha mjane, Ndinda, watoto, Benedicta na Wekesa, ndugu yake Geoffrey, wajukuu wawili, na watu wa Missouri ambao hatuwajui, wanaotoka majini wakiwa salama.

Mungu ampokee fundi wetu, ampumzishe kwa amani.