Picha ya Sita ya Fundi Ukungu

Miaka thelathini na moja Fundi Ukungu amepiga picha katika hospitali hii, na Ijumaa ya tarehe thelathini anarudisha ufunguo wa chumba chake cha kusafishia picha. Siku hiyo mtasikia mengi, na kuhusu ile picha ya mpishi yenye ukungu ukutani pale bwaloni, wote wanakosea. Wa duka la dawa wanasema lenzi ilikuwa mbovu. Manesi wanasema ni mvuke wa sufuria. Hakuna hata mmoja aliyekuwepo! Mimi mlinzi wa geti nilikuwepo, tena nilishika pazia, na mpishi mwenyewe alikuwa mke wangu.

Kwanza mjueni mtu. Alikuja na kamera ya chuma, kongwe kuliko jengo letu. Jicho halipiti kwenye lenzi. Unachungulia kidirisha cha pembeni, unazungusha mpaka vivuli viwili vya mtu mmoja vikae pamoja. Na lenzi yake ni kioo kitupu. Za siku hizi zimepakwa dawa ya kuzuia mng'ao. Yake haina, kwa hiyo ukimweka mtu dirishani, mwanga unamwagika kwenye picha kama maziwa. Ndipo akaitwa Ukungu. Vitambulisho vyetu vyote ni kazi yake. Nesi mkuu alitoka kijana hivi kwamba nilimzuia getini siku tatu mfululizo, namwambia arudishe kitambulisho cha bintiye. Hakuna mlinzi mwenye jicho kama langu, ulizeni.

Sasa siku yenyewe. Mke wangu alikuwa anaacha kazi kwa ugonjwa, baada ya miaka kumi na tisa jikoni. Alikonda, mashavu yakaingia ndani, na tangu aanze kuumwa alikataa kupigwa picha hata na wanawe. Akamkubali Fundi peke yake. Fundi alikuwa na lenzi mpya mkobani, kali, inahesabu mpaka vinyweleo. Akaiacha humo humo. Filamu ilikuwa imebakiza picha sita.

Akapiga moja, mbili, mpaka tano. Mke wangu kakaa kwenye stuli mgongo dirishani, aproni mapajani. Halafu akasema, "Shemeji, unapiga picha hicho kifuniko cha lenzi, au na mimi nimo?"

Fundi akapapasa. Kifuniko kipo! Ukichungulia pembeni hukioni.

"Umekiona tangu lini, shemeji?"

"Tangu ya kwanza. Nilikuwa napumzika."

Imebaki moja. Mtu aliyepiga maelfu, safari hii akakivua kifuniko kwanza. Akavuta pumzi, akabonyeza. Mwanga ukaingia, ukayajaza yale mashavu. Kwenye picha ugonjwa haupo. Yupo yeye, anacheka. Ofisi ikataka irudiwe, itoke safi. Wiki ya tano tangu siku ile, hakuwepo tena wa kupigwa.

Fundi, jikoni, maabara na wodi zote tunakushukuru. Kapumzike, afya ikukae, macho yasikuchoke, na kifuniko ukikumbuke.

Bado neno moja. Ile habari ya pazia nimeitunga. Nilikuwa getini. Niliogopa kumwona akivua aproni. Mengine yote ni kweli, alinisimulia Fundi mwenyewe. Na kicheko kile cha mwisho nimekiona kwenye picha yake tu.