Roshani Inayotazama Benchi

Jua likitoka kwetu Skarvika, kijiji cha pwani ya Norwe ambako mvua ndiyo kawaida, hakuna anayeulizwa kwa nini hayuko kazini. Watu wanatafuta ukuta, wanauegemea, wanafumba macho. Ukuta bora ni wa ghala la samaki, na benchi lililoegemea hapo ni letu. Mbele yake kuna gati, na kuanzia mwezi wa tano gati hilo linapokea meli za watalii ndefu kuliko kijiji kizima. Sisi tunakunywa kahawa ya chupa aliyoileta mwenye zamu, huku tunatazama juu. Kwa hiyo mtu asije kutufundisha habari za roshani za meli. Tumezitazama kwa chini mpaka shingo zimekakamaa. Hata meli ya asubuhi ile tulikuwa tumeshaikagua yote, ndipo mwenzetu Oddvar akaja amenyong'onyea kama mtu aliyeitwa polisi.

— Jamani nisaidieni, akasema. Gunnvor anatimiza sitini. Nimemwahidi safari ya meli, yeye na mimi, binti yetu, mkwe na wale mapacha. Ofisi ya safari inapiga simu kabla ya saa sita. Natakiwa kusema vyumba gani, na lazima viwe na roshani.

— Si uchague tu?

— Nichague! Mara ya mwisho nilipochagua mimi, tulikaa Hispania wiki mbili tukitazama ukuta wa jirani. Mpaka leo Gunnvor akiona ukuta mweupe ananigeukia. Nikikosea tena, ndugu zangu, nitazikwa na hiyo habari.

Tukasogea apate nafasi. Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Ragnvald, tunayemwita Nahodha.

— Katikati ya meli, na chini. Huko ndiko hakuyumbi. Bahari naijua mimi.

— Bahari ipi, Nahodha? Wewe si ulikuwa unakata tiketi kwenye kivuko cha magari? Kahawa ilikuwa haijapoa mmeshafika ng'ambo!

— Maji ni maji, bwana! Kuyumba ni kuyumba!

— Chini hapana, akadakia Sigrun. Huyu tunamwita Darubini, na darubini yenyewe haimtoki shingoni. Chini, akaendelea, kuna boti za kuokolea watu. Mtu kalipia roshani, kaja anatazama tumbo la boti. Mwaka jana nilimwona mama mmoja kakaa hivyo siku nzima na miwani ya jua. Nilimwonea huruma mpaka nikampungia mkono.

— Basi juu kabisa, akasema Oddvar.

— Juu kabisa una wacheza dansi utosini. Na nyuma usithubutu. Bomba la moshi linapumua, nguo nyeupe inarudi ya kijivu. Naona wanavyojikung'uta.

— Sasa niende wapi, nining'inie nje?

Halvdan alikuwa bado amefumba macho. Tunamwita Mzee wa Jua, kwa sababu kila akihama kiti tunajua ni saa ngapi.

— Mnahangaika na boti na mabomba, akasema taratibu, jua mmelisahau. Meli inageuka, jua haligeuki. Chukueni chumba kimoja kulia, kimoja kushoto. Asubuhi familia yote inakaa upande mmoja. Jua likihama, mnabeba mito na watoto mnavuka korido.

— Sisi sita? Kila siku?

— Ni mazoezi. Mapacha watafurahi.

— Na mkwe?

— Mkwe abebe meza.

Nahodha akagonga benchi kwa ngumi.

— Hapo nyote mmechemka! Jambo kubwa ni uzito. Oddvar, yule mkwe wako ana kilo ngapi?

— Mkubwa. Anainua trekta.

— Ehee! Huyo humweki upande mmoja na wewe. Meli italala! Yeye kulia, wewe kushoto, na wakati wa kula muingie mlangoni pamoja.

Tulicheka mpaka Darubini akamwaga kahawa kwenye mkate wake wa jibini ya kahawia. Akaufuta, akaula hivyohivyo. Kisha akashusha darubini na kutuangalia mmoja mmoja.

— Oddvar, hiyo meli inapita wapi?

— Inatoka Bergen, inaingia kwenye hivi vijiji vya huku. Siku ya tatu iko hapa.

— Hapa wapi?

— Hapa hapa. Gatini.

Benchi zima likalipuka kwa kelele.

— We Oddvar! Ulikuwa unaficha nini muda wote huu?

— Kila meli ikija hapa inafunga kwa ubavu wa kushoto! akasema Nahodha, na safari hii hakuna aliyembishia, maana hilo tunaliona kila siku.

— Basi ni kushoto! Darubini alikuwa ameshasimama. Kushoto, ghorofa ya nane, mkabala na benchi. Mtundike kitambaa cha meza chekundu niwaone tangu mnakata kona.

— Bendi ya shule ije ipige!

— Wakiwa na tarumbeta zote!

— Na Gunnvor akae katikati, amevaa kofia, atupungie kama malkia!

Oddvar alikuwa anang'aa usoni. Nilimwona akinong'ona, kushoto, ghorofa ya nane, kushoto, ghorofa ya nane, asije akasahau. Hapo ndipo Gunnvor alipotokea. Ana kibanda cha soksi na kofia za sufu pale gatini, anawauzia watalii. Akasimama mbele yetu, akatukinga jua.

— Mbona mnapiga kelele?

— Shemeji, tumekupatia chumba! akasema Nahodha. Kinatazama hapa. Meli ikifika, wewe uko juu, sisi tuko chini, tunapungiana!

Gunnvor akaitazama meli, akatutazama sisi.

— Meli ikifunga hapa, sisi tunashuka au hatushuki?

— Wakishuka, nani atakuwa juu? Mzee wa Jua akauliza polepole.

— Basi wasishuke, akasema Darubini.

— Wafike kwao wasishuke?

— Wakishuka mimi nitampungia nani? Tarumbeta zimpigie nani?

Simu ya Oddvar ikalia. Akaipokea, akasema ndiyo, ndiyo, mimi mwenyewe. Akatutazama, na sisi tukatazama viatu vyetu. Akampa mkewe simu.

— Upande wa maji, akasema Gunnvor. Ndiyo, kulia. Vyote viwili. Hapana, sihitaji kufikiria. Upande wa gati nimeutazama maisha yangu yote.

Iliniuma kidogo, sikatai. Darubini akaiweka darubini mapajani. Oddvar peke yake ndiye aliyeshusha pumzi. Hakuchagua yeye, na kwenye maji hakuna ukuta.

— Kwa hiyo hapa hatushuki? akauliza.

— Tunashuka! Nifike mpaka mlangoni kwangu nisije kukaa na hawa? Sogeeni.

Akajibana katikati yetu, akaitikisa chupa ya kahawa. Ilikuwa tupu.

— Siku hiyo zamu ni yangu, akasema. Nitaijaza hukohuko melini. Wanasema kahawa yao haiishi.

Nahodha akakohoa.

— Shemeji, hiyo chupa ni ndogo. Mimi ninayo ile ya kivukoni.

— Ya kivukoni inavuja! Chukua yangu, akasema Darubini.

— Yako haitunzi joto, akasema Mzee wa Jua, na ugomvi ukaanza upya.