Nyuzi Nyekundu za Pelagia Werema

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia mimi Felisian, mtoto wa kwanza wa marehemu, nawasomea maisha ya mama yetu, Pelagia Werema, aliyezaliwa Butiama tarehe 4 Mei 1936, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaachishwa mwaka 1950 ili karo iwatoshe kaka zake, jambo lililomuuma mpaka mwisho.

Tarehe 12 Julai 1956 alifunga ndoa na marehemu Bernado Mihayo, fundi wa mashine za kuchambua pamba Bunda, wakaishi Manyamanyama, wakajaliwa watoto wawili, mimi na Hyasinta.

Mwaka 1981, madukani hakuna uzi wala sweta, mama alianza kusokota pamba kwa mkono na kuitia rangi za magome na mizizi ya porini, akafuma na wenzake sweta za watoto wa shule, na rangi iliyompa jina ni nyekundu, ya mizizi ya kichaka cha aina moja cha mlimani Butiama, ambacho alikichimba upande mmoja tu, akafukia, akakiacha mpaka misimu miwili ya mvua ipite.

Agosti 1988, biashara zimefunguliwa, mnunuzi kutoka ng'ambo ya mpaka aliagiza mzigo mkubwa wa nyuzi hizo nyekundu, mama akiwa anaumwa mguu akanituma mimi, akanieleza namna ya kuchimba, nami kwa haraka na tamaa nikang'oa kila kichaka na shina lake, nikarudi na magunia manne nikijisifu. Aliyatazama, akakaa chini, akasema, "Felisi, sasa mimi nitakuwa nachimbaga wapi?" Hakunigombeza, wala hakulitaja tena, ila kila masika alipanda mlimani kutazama kama kuna kilichochipua, na hakikuchipua kitu.

Mwaka 1992 alianza kusumbuliwa na presha, akahamia kwa Hyasinta, Bweri, akapata kiharusi tarehe 3 Machi 1994, akafariki tarehe 9, saa kumi jioni, hospitalini Musoma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Bweri na Manyamanyama, wafanyakazi wenzake baba, nanyi mama Dorkas, mama Euphrasia na kikundi chote cha kufuma, ambao kwa miaka sita mmeamini kwamba Pelagia aliwaficha mizizi kwa uchoyo, naye akawajibu tu kwamba amechoka na nyekundu. Hakuwa mchoyo, mizizi niliimaliza mimi, na yeye alikubali kusemwa ili nisisemwe mimi.

Mama, nimewaambia, ingawa nimechelewa. Pumzika kwa amani.