Mzee Kerrow Dekow na Siku ya Visima

Ijumaa tarehe 18 Februari 1966, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, ngamia wa kwanza waliingia El Hagar. Kufikia saa tatu, kaya arobaini na moja zilikuwa zimefika. Saa nne na robo Mzee Kerrow Dekow alipandisha bendera mbele ya boma. Saa tano kasoro dakika tano, askari walifunga njia zote mbili za kutokea. Kwa desturi wasifu huanza na kuzaliwa. Lakini wengi mliokuja katika hitima hii mlimfahamu kwa zile dakika arobaini tu, tangu bendera hadi askari, na familia imeona zitangulie, ili maisha yake yaliyobaki yasikilizwe kwa utulivu.

Marehemu alizaliwa mnamo mwaka 1912 kando ya visima vya El Hagar, baina ya Takaba na Bute, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Dekow Abdow na Bi Fatumo. Baba yake alikuwa kwenye foleni ya kunywesha mifugo na hakuiacha zamu yake. Alimwona mwanawe siku ya pili. Mama yake alilisimulia jambo hilo kila alipokasirika.

Alisoma chuo cha Kurani kwa miaka minne. Kiswahili alijifunzia kazini, na mpaka mwisho wa uhai wake alisema “bolisi”, wala hakupenda kusahihishwa.

Mwaka 1934 aliandikwa kuwa dubas, askari wa kilemba chekundu. Julai 1940 majeshi ya Italia yaliuteka mji wetu wa El Hagar. Tarehe 18 Februari 1941 marehemu aliliongoza njia jeshi lililoukomboa. Adui alikuwa amekwisha kuondoka, lakini alikata kamba zote na kutumbukiza ndoo visimani, na watu walikuwa na kiu ya siku mbili. Marehemu alikikunjua kilemba chake, akakifunga kwenye karai, akateka maji ya kwanza. “Serikali ilinipa kilemba kirefu,” alikuwa akisema, “haikujua imenipa kamba.” Tangu hapo tarehe hiyo iliitwa Siku ya Visima. Kila mwaka karai la kwanza liliteremshwa kwa kilemba chekundu, na kila kaya ilinywesha ngamia wake bila kungoja zamu. Siku hiyo iliadhimishwa hadi 1954, ikaachwa. Yeye alistaafu mwaka uliofuata.

Alimwoa Bi Arbia Shurie mwaka 1937. Walijaliwa watoto watatu. Mmoja alitangulia mbele ya haki akiwa mchanga.

Vita hivi vilipoanza na kila mchungaji akaitwa shifta, yaani mwasi, marehemu aliamini kwamba Siku ya Visima ingetutetea. “Mtu hawezi kuukomboa mji, kisha aitwe adui wa mji,” alisema. Aliomba kwa barua ruhusa ya kuifufua. Barua hiyo ilipigwa taipu na bintiye Nurto, ambaye ndiye aliyeandika wasifu huu. Jibu la ofisi ya wilaya lilitoka tarehe 29 Januari 1966. Lilikubali, likaongeza sentensi moja: kila kaya ilete ngamia wake wote. Marehemu alifurahi mno. “Umeona, Nurto? Hata ngamia wamekumbukwa.”

Kwa wiki mbili alitembea kwa miguu malishoni akiwaambia watu, “Njooni. Mko chini ya kivuli changu.” Anayetamka neno hilo kwetu huwa amejifunga: atakayemdhuru mgeni amemdhuru yeye. Marehemu alidhani ofisi nayo ilijifunga vivyo hivyo ilipotia muhuri. Hilo ndilo kosa lake.

Mnajua yaliyofuata. Ngamia waliswagwa kuelekea kusini, na watu wakatiwa katika kijiji cha seng’enge. Marehemu alimwonyesha ofisa barua ya ruhusa. Ofisa aliisoma, akamrudishia.

“Mzee, barua inasema mje. Haisemi mrudi.”

Dada yake, Bi Maka, alimwita kutoka upande wa pili wa waya. “Aboowe, kaka yangu! Ulisema tuje kivulini kwako. Mbona kivuli chako kina seng’enge?”

Aliikunja barua, akaitia mfukoni.

Wengi wamesema kwamba ngamia wake saba waliachwa, na kwamba hayo yalikuwa malipo yake. Ni kweli waliachwa. Ambalo halikusemwa ni kwamba saa nane mchana aliwaswaga mwenyewe, akawaingiza katika kundi lililochukuliwa. Askari mmoja alimcheka: “Mzee, hawa ni wako, hujui kuhesabu?” Akasema, “Wangu wako mbele.” Mwanawe Hared alikuwapo, na leo yuko hapa; aulizwe. Marehemu alikataza lisisemwe. Alisema kwamba mtu aliyenyang’anywa hapozwi na hasara ya mwingine.

Alikuja Garissa mwezi Aprili kudai ngamia wa watu. Kwa miezi tisa alikaa kwenye benchi la ofisi ya mkoa kila asubuhi, akiwa na barua yake mfukoni. Kifua kilimwanza Oktoba. Alilazwa hospitalini tarehe 9 Januari 1967. Jumapili tarehe 19 Februari Bi Maka alifika kwa lori la msafara, akiwa na kibali cha siku nne. Alimshikia kikombe. “Kunywa, aboowe. Ngamia sijakusamehe. Lakini ndugu yangu hazikwi nikiwa nimemnunia.” Alikunywa. Alifariki kesho yake, Jumatatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, akazikwa baada ya sala ya adhuhuri.

Ameacha mjane, Bi Arbia. Watoto, Hared na Nurto. Dada, Bi Maka. Na wajukuu wanne. Familia inawaomba watu wa kaya arobaini na moja radhi kwa neno alilolitoa kwa moyo safi. Mola amlaze mahali ambapo aliyeitwa haogopi kuja.

Inabaki kuandikwa kwamba Jumamosi tarehe 18 Februari 1967, mwaka mmoja kamili, Siku ya Visima iliadhimishwa tena El Hagar, kwa amri. Mwaliko ulimfikia marehemu kitandani siku hiyo hiyo, ukimtaja kwa heshima kuwa ndiye aliyeifufua. Alitaka asomewe mara mbili. Sentensi ya mwisho ilikuwa ile ile ya mwaka uliotangulia: kila kaya ilete ngamia wake wote.